Fahali Aliyeitwa Telegramu

Enzi zetu pale Malinya, mtoto aliyefika nyumbani siku ya Ijumaa na kucha safi aliulizwa kama alikuwa mgonjwa. Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya Sanaa na Ufundi, na somo hilo halikuwa mchezo. Lilitahiniwa. Wenzangu mliosoma miaka ya tisini mnakumbuka: gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, rangi ya kijani tulikamua kwenye majani ya maharagwe, nyeusi ikatoka kwenye makaa, nyekundu tukaichota kwenye udongo wa mashimo ya dhahabu, pale ambapo wazazi walitukataza kukanyaga. Viazi tulivichonga mihuri. Kalenda ya mwaka uliopita ilikatwa vipande, ikaviringishwa, ikawa shanga. Kamba za mkonge tulizisokotea pajani mpaka ngozi ikawasha wiki nzima. Leo namwona mtoto wa darasa la tano akiishiwa gundi ya dukani, anaketi kusubiri mzazi atoke kazini, kana kwamba muhogo umekwisha duniani.

Nisamehewe. Nimeahidi familia yangu kwamba sitalalamika, lakini haya mambo yananichosha.

Nakumbuka Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado unauma miguu, tulipofuata ngoma kwenda uwanjani kutazama mafahali wakipigana. Watu wazima walirudi nyumbani wakibishana. Sisi watoto tuliteremka mtoni, tukachimba udongo wa kijivu ukingoni, tukafinyanga mafahali wetu, tukawapambanisha hadi mmoja avunjike pembe. Wavulana walisema wasichana hawajui mafahali. Lakini wao waliwatengeneza wanyama kama viazi vitamu vyenye miguu, na wangu alikuwa na nundu. Nikirudi nyumbani na tope hadi viwikoni, mama alikuwa na neno lake moja, lile lile kila mara: "Ukimaliza kufinyanga hao ng'ombe wako, kamua mmoja tupate maziwa." Kisha alinipa obusuma, ugali wetu, na mboga za kunde nikale nje, nisije nikachafua mkeka.

Jirani yetu, Mzee Likhanga, alikuwa na fahali aliyeitwa Telegramu. Alipewa jina hilo kwa sababu habari za ushindi wake zilifika Iguhu kabla watu hawajatoka uwanjani. Alikuwa mweusi, mwenye baka la kahawia begani. Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mjane, watoto wake walihamia mbali, na kila asubuhi ungemwona akimchana Telegramu kwa gunzi la mahindi, polepole, kama mtu anayesoma gazeti.

Nilikuwa darasa la saba fahali huyo alipokufa. Alitobolewa begani katika pambano, na tulidhani ni jeraha la kawaida, lakini likaoza. Daktari wa mifugo alifika siku ambayo mnyama alikuwa hawezi tena kusimama. Siku ya tisa akafa. Mzee alichimba kaburi nyuma ya boma lake akamzika bila kumchuna, na baadhi ya majirani wakanung'unika chini kwa chini kwamba nyama imetupwa.

Baada ya juma moja alikuja kwa senge Muhonja, dada ya baba yangu, aliyekuwa mfinyanzi wa vyungu. Alikuja na picha mkononi. Mpiga picha mmoja wa mjini aliwahi kumpiga picha Telegramu uwanjani, na filamu iliposafishwa, kilichoonekana kilikuwa mkia, paja moja na kofia za watu. Ndiyo picha pekee iliyokuwepo. Mzee akamwomba senge amfinyangie Telegramu kwa udongo. Senge alikataa. Alisema yeye ni mtu wa vyungu, ng'ombe hajawahi kumtengeneza, lakini kuna mtoto pale anayepoteza udongo wake kila siku kwa kazi hiyo. Akaninyooshea kidole.

Ilitokea kwamba wiki hiyo hiyo Mwalimu Shivachi, aliyetufundisha Sanaa na Ufundi, alikuwa ametuagiza kila mmoja atengeneze kitu kimoja, na vitano vilivyo bora vingepelekwa kwenye maonyesho ya shule za wilaya mjini Kakamega. Nikamwambia mzee nitamfinyanga Telegramu, lakini kwanza huyo wa udongo aende maonyeshoni. Akakubali.

Nilimfinyanga kwa siku tatu, kila nikitoka shule. Senge alinionyesha jinsi ya kuponda vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo ili usipasuke, na jinsi ya kuukomba ndani ya tumbo kwa kijiko, maana kitu kizito kisicho na uwazi hulipuka motoni. Siku ya nne nikamwita mzee aje aone. Nilijua kazi ilikuwa nzuri. Nundu ilikuwa imesimama, shingo ilikuwa nene, mkia umezunguka paja. Nilisubiri sifa.

Mzee alimzunguka mara mbili. Kisha akasema, "Huyu ni ng'ombe. Mimi nilikuwa na Telegramu."

Nilikasirika hata nikataka kuuponda ule udongo. Aliniuliza ni mara ngapi nilikuwa nimemwona Telegramu, nikasema mara nyingi, kila siku, tangu nikiwa mdogo. Akaniuliza sikio lake la kushoto lilikuwaje. Sikujua. Pembe ipi ilikuwa chini kuliko nyingine? Sikujua. Akisimama, uzito aliuweka mguu gani? Senge alikuwa akisugua chungu chake kwa jiwe laini, lakini niliona mdomo wake ukicheka.

Basi mzee akaja kila jioni. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko la senge na kunieleza. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo, alilipata akiwa ndama kwenye waya wa ua. Pembe ya kulia iliinamia mbele kidogo. Alisimama kama anayesikiliza kitu, kichwa kikielekea upande mmoja. Nikibadilisha, alikuwa akisema bado. Nikibadilisha tena, bado. Udongo ulianza kukauka, ikabidi senge aufunike kwa kitambaa kibichi usiku kucha ili niendelee. Nililia mara moja, kwa hasira. Mzee hakunibembeleza. Alisema tu, "Usipoangalianga vizuri, mkono inajitungia tu."

Siku ya saba nilipoinamisha kile kichwa, nikakizungusha kidogo tu, mzee hakusema bado. Alisimama, akatoka, akaenda zake. Nilidhani nimemuudhi. Senge akaniambia niache hapo hapo, nisiguse tena.

Telegramu alikauka kivulini kwa wiki mbili, kisha akachomwa pamoja na vyungu vya senge, chini ya kuni na majani makavu ya migomba. Alitoka mzima. Tulimweka kwenye katoni iliyojazwa majani makavu, na mimi nikampakata magotini njia nzima hadi mjini, nikiwa nyuma ya pikapu na wenzangu wanne na mifagio yao.

Maonyesho yalikuwa katika ukumbi wa shule moja pale mjini. Meza zilijaa vikapu, vinyago, vitambaa vilivyotiwa rangi kwa mafundo, magari ya waya yenye usukani unaozunguka. Majaji walikuwa watatu. Walipofika kwenye meza yetu, mmoja wao, mwanamume wa tai, alimchukua Telegramu akamgeuza, akamtazama chini, akamrudisha. Akauliza nani alimtengeneza. Nikainua mkono. Alinitazama, akamtazama Mwalimu Shivachi.

"Hii ni kazi ya mtu mzima, Mwalimu," akasema. "Na hata kama ni mtoto, si huyu msichana."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake na kuanza kuondoka. Nilitaka kusema habari za sikio, za mzee, za kigoda mlangoni, lakini tayari alikuwa amenipa mgongo. Mwalimu Shivachi, niseme ukweli, hakuwa mwalimu wa kupendwa. Alitumia fimbo kuliko chaki, na katika miaka miwili sikuwahi kumsikia akimsifu mtu. Lakini alikuwa amebeba bonge la udongo kwenye karatasi ya nailoni, kwa ajili ya kurekebisha vitu vikivunjika njiani. Alilitoa, akaliweka mezani mbele yangu, akamwambia jaji, kwa heshima kabisa, "Tusibishane. Ngoja afinyange."

Watu walianza kukusanyika. Bonge likaniponyoka likaanguka sakafuni. Mtoto mmoja akacheka. Nikaokota. Nikafumba macho kidogo, si kwa kuomba, bali kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba nikifumba namwona vizuri zaidi. Nikaanza na shingo. Nikaweka pembe, ya kulia mbele. Nikabana sikio la kushoto kwa kidole gumba na kutoa pengo lake. Nilipoinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza, ukumbi haukuwa na kelele tena, au labda ni mimi niliyekuwa siwasikii. Yule jaji wa tai alikiweka kichwa kipya kando ya kile cha zamani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akafuta alichokuwa ameandika, akaandika upya, na hakuniomba radhi.

Tulikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mvulana kutoka Likuyani aliyesuka kikapu chenye kifuniko, na kusema kweli kikapu kilikuwa kizuri. Nilizawadiwa kisanduku cha vyombo vya hisabati. Ndani ya pikapu, tukirudi, Mwalimu Shivachi aliketi mbele bila kugeuka hadi tulipokaribia Malinya. Hapo akasema kupitia dirishani, "Kwato za nyuma ulizifanya kwa haraka." Na kweli nilikuwa nimezifanya kwa haraka.

Jioni hiyo nilimpelekea mzee fahali wake. Alimpokea kwa mikono miwili. Alimweka juu ya meza ya sebuleni, kwenye kile kitambaa cheupe ambacho marehemu mkewe alikuwa amekifuma, akamwelekeza mlangoni. Alipitisha kidole kwenye pengo la sikio, akakiacha pale. Kisha akasema "orio", ambalo ni asante kwetu, mara moja tu, na akaniuliza kama nimekula. Nilikula ingokho kwake siku hiyo, kuku mzima tukiwa watu wawili, na hatukuzungumza juu ya fahali hata kidogo.

Sasa nije kwa hawa wa leo.

Mwezi uliopita mwanangu Briani, mwenye miaka kumi, alipewa kazi ya shule: atengeneze mnyama wa kufugwa kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake. Nilifurahi kama mjinga. Nilianza kupanga siku ya kwenda mtoni. Nilipotoka jikoni alikuwa amemaliza. Alikuwa ameiambia simu yangu imchoree ng'ombe, nayo simu, bila kuuliza swali, ikamchorea. Ng'ombe alikuwa anang'aa kama bati jipya, amesimama kwenye nyasi ambazo hazijawahi kuota Kakamega, nyuma yake kuna mlima wenye theluji, na miguu yake, nilihesabu mara tatu, ilikuwa mitano. Nikamwambia mwanangu kazi haijafanyika. Akaniambia imeshafika kwenye kundi la wazazi, na mwalimu amejibu kwa vidole gumba na makofi. Nikaangalia. Kweli. Kulikuwa na ng'ombe wengine ishirini hivi pale, wote wanang'aa, wote ndugu. Mtoto mmoja tu alikuwa ametuma picha ya kuku wa magunzi, amepinda, jicho moja kubwa kuliko jingine, na hakuna aliyemjibu kitu.

Nilisubiri mtu aulize. Mwalimu, mzazi, yeyote. Mimi niliwahi kuambiwa mbele ya ukumbi mzima kwamba kazi ya mikono yangu si yangu, nikawekewa udongo nithibitishe, na kwa miaka mingi niliona hiyo ni fedheha. Leo ningelipa pesa ili mtu amtilie mwanangu shaka namna hiyo.

Jumamosi nikampeleka Malinya. Kaka yangu bado anafuga. Nilimketisha Briani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya ng'ombe mmoja mtulivu aliyekuwa akicheua, nikamwambia asifanye lolote, amwangalie tu, kisha tutakwenda mtoni. Alimwangalia. Ng'ombe naye alimwangalia. Nzi alitua kwenye kope la ng'ombe, akaruka, akatua tena. Nikaanza kuwa na matumaini, nikarudi nyuma hatua mbili nisimsumbue.

Baada ya dakika tatu hivi akageuka, bila ubishi wowote, kwa adabu kabisa, akanyoosha mkono.

"Mama, nipe simu nimpige picha. Nitamwangalia baadaye."

Nilimpa. Nilikuwa nimechoka kubishana, na jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Akampiga picha nne, hata hakuzitazama, akaingia ndani kwa mjomba wake kutafuta chai. Nikabaki na ng'ombe. Sisi hatukuwa na hiyo baadaye yao. Kitu ulikiangalia kikiwa mbele yako, kingali hai, au hukukiangalia kabisa. Nikaketi kwenye ile ndoo, nikamwangalia mwenyewe.