Mkwe Nje ya Dirisha

Felisita Mboje hajui kutulia. Nimepakana naye ukuta miaka saba hapa Bariadi, yeye fundi cherehani, mimi nauza nyuzi, zipu na vitenge, na sijawahi kumwona akimaliza chai ingali ya moto. Anakupima kiuno huku anakuuliza eti mwanamke akimkuta mumewe na mwingine, neno la kwanza kutoka mdomoni ni lipi. Ukijibu tu, anakimbilia daftari la kaunta na kuandika, wewe umebaki umesimama mikono juu. Wateja wengine wanakasirika na kuondoka. Mimi nilishamzoea.

Kisa chote ni mashindano ya michezo ya redio. Kila mwaka redio moja ya huku kwetu inaomba michezo mifupi, dakika kumi, sauti zisizidi nne, unarekodi kwa simu na kutuma. Ukishinda, mchezo wako unarushwa hewani. Felisita alituma mara tatu na kushindwa mara tatu, na mara ya mwisho majaji walimwandikia mstari mmoja tu: watu wako wanaongea kama wanasoma risala. Mstari ule ulimkaa rohoni mwaka mzima. Halafu redio ikatangaza kwamba mashindano ya mwaka huu ndiyo ya mwisho. Basi, nani tena aliyepata amani kwenye ukuta wetu?

Mchezo wake ulihusu mwanamke aliyekimbia ulevi wa mumewe akarudi kwao. Mume anakuja mlangoni kumtaka mkewe, mama mkwe anakataa kumtoa. Majina aliyabadilisha, lakini anayemjua hadanganyiki. Mwaka wa nne wa ndoa yake Felisita alirudi kwao Ipililo, akakaa miezi mitatu, kwa sababu Constantine, mumewe, alikuwa hatoki kilabuni. Siku hizi Constantine hagusi pombe. Ni karani wa mizani kwenye ununuzi wa pamba kule Kasoli, na mpole mpaka anakera. Alikubali kuwa sauti ya mume, yaani alikubali kujianika mwenyewe. Felisita alijipa sauti ya mke, mimi nikapewa ya jirani mbea, na sikuuliza kwa nini. Mama mkwe angekuwa Benedikta, anayeuza mchele sokoni.

Mwisho wa kupokea michezo ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Ijumaa hiyo hiyo, saa nne, Benedikta akapiga simu kwamba shangazi yake amefariki, yuko kwenye pikipiki anaelekea msibani. Felisita alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akaanza kukata sehemu ya mama mkwe kwa kalamu nyekundu, akaona kilichobaki si mchezo.

Hapo ndipo nilipotia mdomo wangu. Mama mzazi wa Felisita, Bi Kwandu, alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti. Alikuja kutoka Ipililo kutibiwa macho, na wiki nzima alikuwa akisikia maneno yale yakifanyiwa mazoezi. Nikasema, si mama huyu hapa? Bi Kwandu akacheka, akasema ameshayashika yote. Alipoyasema, mwili ulinisisimka. Benedikta na mchele wake hakuwa na lake.

Mimi ni mtu wa Ujiji, sikujua nimechokoza nini. Constantine alipofika na kuambiwa, aliganda mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili. Kwao Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawakai chumba kimoja, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Miaka kumi na tisa wawili wale walikuwa wakisalimiana kupitia kwa Felisita. Sasa mimi nilitaka amkaripie.

"Siwezi," Constantine alisema. "Hata kama ni mchezo. Mdomo hautafunguka."

Felisita alimjia juu. Alimwambia kwamba enzi za pombe mdomo ulikuwa unafunguka vizuri tu, tena usiku, tena majirani wote wakisikia. Nilimwonea huruma yule mwanamume, ingawa jicho langu lilikuwa kwenye saa. Aliyetuokoa ni Bi Kwandu. Bila kugeuka, alimtuma binti yake amwambie mkwe asimame nje ya dirisha na kuligeuzia mgongo. Redio haina macho, alisema, kwa hiyo hapo watakuwa hawajaonana.

Nikatundika vitenge vyangu ukutani kuua mwangwi. Simu tukaiweka dirishani. Ilibidi tuiwahi adhana ya Ijumaa, na malori ya pamba yalikuwa hayaishi kupita. Saa tano na nusu tukaanza.

Nilisema umbea wangu, na niliusema vizuri. Felisita akalia kilio chake. Kisha ikaja sauti ya Constantine kutoka nje.

"Mama, nyumba yangu umeivunja wewe. Nipe mke wangu."

Bi Kwandu alitakiwa kumjibu kwamba hapa hana mke, arudi kwa pombe yake. Felisita akampungia mkono aendelee, akasahau kwamba mama haoni vizuri.

"Siku ile uliyokuja, mvua ilikuwa imekata barabara," Bi Kwandu alisema, na hayo hayakuwemo kwenye daftari. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikaona miguu yako tu, kwa chini. Matope mpaka magotini. Nikasema, huyu aliyetembea hivi kutoka Maswa, huyu ataacha pombe. Nikamtoa binti yangu. Tangu siku hiyo naogopa. Asipopiga simu siku mbili, naogopa. Nikuulize vipi, na wewe ni mkwe? Nilikosea?"

Nje, shati la Constantine lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Mayu," alisema. Hilo ni mama kwa Kisukuma, na hakuwahi kumwita hivyo kwa mdomo wake. "Usiniulize mimi, nitajipendelea. Muulize mwenyewe."

Bi Kwandu akageukia upande aliko binti yake. "Siku ile sikukuuliza," alisema. "Nilikufungia mzigo tu. Nakuuliza leo. Ulitaka kurudi?"

Felisita, anayewatungia watu wote maneno ya kusema, alilifunga daftari. Lori likapita, vioo vikatikisika, akangoja kelele ziishe. Niliumia kumtazama.

"Hapana," alisema mwishowe. "Nilirudi kwa sababu mzigo ulikuwa umeshafungwa. Kutaka nilikuja kutaka baadaye, mayu, mwaka wa pili wake. Siku ile hapana."

Nje, Constantine aliinamisha kichwa. Bi Kwandu alisema amesikia.

Mimi ndiye niliyezima simu. Dakika tisa na sekunde arobaini, na ilikuwa saa sita kasorobo. Nikamwambia Felisita tuma, tuma sasa hivi, hapa hakuna aliyesoma risala, majaji watakoma. Nilikuwa namsukuma begani. Alichukua simu, akaisikiliza mwanzo kidogo, kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma. Aliutaka ushindi ule. Nilimwona jinsi alivyoutaka.

"Tuma basi," nikasema.

"Siyo yangu hii, Anifa," alisema. "Mama hakuwa anawaambia watu wa redio."

Nilimwita mjinga, na siku hiyo nilikuwa nimekasirika kweli. Aliiweka simu kwenye droo ya vifungo, akachukua kigoda, akatoka nacho na kumwekea mumewe pale nje chini ya dirisha, maana mama alikuwa ameshaanza kumuuliza mkwe wake swali lingine.