Barua Pepe ya Kwenda Maskati

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na kompyuta zikaanza kuingia Kariakoo, mimi na mwenzangu, Mhindi aliyezaliwa mtaa uleule, tulianza huduma ya barua pepe kwenye kona ya duka la vitenge la baba yake.

Siku moja alikuja jirani yetu, bibi wa Kiarabu. Mjukuu wake alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili, naye alitaka dada yake wa Maskati awepo. Posta isingewahi. Dada hakuwa na simu, ila karibu na kwake palikuwa na ofisi kama yetu.

Wawili hao waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndizo walizofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. Tukazichapa, tukatuma. Ofisi ya kule ikajibu kwamba imepokea alama za kuuliza tupu.

Nikamweleza bibi taratibu. "Njia ya barua hii ni kama mlango mwembamba. Herufi za Kizungu zinapita. Zako mashine haizitambui, inaweka alama ya kuuliza mahali pake."

"Barua yangu yote imekuwa maswali?"

"Yote, bibi."

"Basi atadhani nimechanganyikiwa."

Mwenzangu alitaka tutumie namba mahali pa herufi za Kiarabu zisizo na mwenzake wa Kizungu, saba kwa hii, tatu kwa ile. Mimi nilitaka herufi za kawaida za shuleni.

"Namba zako nani atamfundisha?" nikamuuliza.

"Na za shuleni kwako atazisoma nani? Bibi amesema dada yake hazijui."

Tulibishana mpaka kahawa ya bibi ikapoa. Hatimaye akauliza, "Huko kuna karani?"

"Yupo, bibi. Mhindi, hajui Kiswahili."

"Za Kizungu anasoma?"

"Anasoma."

"Basi amsomee kwa sauti. Dada yangu ana masikio."

Tukaichapa barua upya kwa herufi za Kizungu.

Ili kujaribu, tulimwita binamu wa mwenzangu aliyefika kutoka Gujarati mwezi ule, asiyejua hata "mambo" wala "poa". Akasoma mbio, maneno yote yameshikana.

"Huyu ananialika au ananifukuza?" bibi akauliza.

Tukaikata barua vipande vifupi, kila mstari pumzi moja. Binamu akarudia. Safari hii bibi alifumba macho, midomo ikifuatisha, na binamu alipofika kwenye jina la mjukuu, bibi akaitikia kwa kichwa.

"Tumeni."

Siku ya tatu jibu lilifika, karani ameandika kila alichosikia kwa dada, kwa namna yake. Kwa macho halikueleweka hata kidogo. Mwenzangu akalisoma kwa sauti, polepole, na duka zima likasikia: nakuja, msinunue halua, ya huko kwenu haina zafarani.

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Akauokota, akajifunga upya, akasogeza kiti karibu na mashine.

"Lisome tena," akasema.