Vidole vya Njano

Wenzangu mliokulia Tunduma enzi zetu, bila shaka mnalikumbuka neno kulishwa. Kwa wengine kulishwa ni kupewa chakula tu. Kwetu ilikuwa kutiliwa kitu ndani ya chakula, urudi nyumbani unacheka, asubuhi ukutwe umekauka. Mama yangu, mzaliwa wa Ihanda, aliliogopa neno hilo kuliko malori ya barabarani, maana mdogo wake alikula kwa watu akafa siku ya pili. Kwa hiyo kila tuliporudi kucheza alisimama mlangoni. "Leteni mikono." Akainusa kidole kwa kidole. Ukikaribishwa chakula kwa watu, jibu lilikuwa moja, "Nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma.

Karibu na mpaka palikuwa na mgahawa wa Kihindi wa mama tuliyemwita Mama Rupa. Kila Jumamosi nilimpelekea nyanya za mama, na rafiki zangu Yona na Subira walinisindikiza kwa ajili ya harufu tu: vitunguu vinavyokaangwa, bizari, iliki. Tulisimama mlango wa jikoni tukimeza mate. Alitukaribisha kila mara, nasi tukaitikia kwa pamoja, "Tumeshiba."

Jumamosi moja shibe yetu ikamchosha. Akatushika mikono, akatukalisha mezani. "Kila siku shiba, shiba! Leo mimi nalisha nyinyi!"

Jamani! Subira alinifinya paja mpaka ikabaki alama. Lakini sahani zikaja, wali, chapati laini, kuku kwenye mchuzi mzito wa njano, na sisi tulikuwa watoto. Tulikula huku tunaogopa, na niseme kweli, sijala tena chakula kitamu vile. Kisha Yona akatafuna pilipili nzima. Macho yakamtoka, akashika koo akipiga kelele, "Imeanza! Nakufa!" Tukatimua mbio. Hata asante hatukusema, na kapu la mama nikaliacha pale pale.

Bombani tulisugua mikono kwa mchanga, kwa majivu, kwa majani ya mpera. Harufu ilipungua, rangi ikagoma.

Mama alikuwa mlangoni. "Lete mikono."

Nikalia kabla hajaigusa. "Mama, nimelishwa."

Nilitegemea kofi. Badala yake nikaona midomo yake inatetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sikuwahi kumwona mama akionyesha hofu. Aliutazama mkono wangu, kisha akakitia kidole changu mdomoni mwake, akakinyonya. Akafuata cha pili, na cha tatu.

"Kama ni kufa," akasema, "huendi peke yako."

Tukakaa kizingitini tunasubiri, mkono wangu mkononi mwake. Maji ya ugali yalichemka yakakauka jikoni, hakuna aliyeinuka. Mwishowe mama akalamba midomo polepole.

"Kumbe ametia na iliki," akasema.

Mama ameshatangulia, si kwa kulishwa, kwa uzee tu. Mimi, Yona na Subira bado tunakutana pale mgahawani, siku hizi jiko ni la Rupa mwenyewe, binti yake yule mama. Yona huchambua pilipili moja moja, anazipanga pembeni mwa sahani, nasi tunamcheka. Tunakula kwa mikono.

Vijana wetu, wao wanabonyeza simu, na bodaboda asiyejulikana analeta boksi. Ukiuliza nani kapika, unaitwa mshamba. Juzi jioni binti yangu alirudi kutoka kula na watu nisiowajua, nikamwambia alete mikono. Aliinyoosha huku anacheka. Walikuwa wamekula kwa uma. Vidole vilikuwa visafi, vinanukia sabuni tu, nikavishika muda mrefu bila kujua niogope nini.