Gemu ya Sita

Mechi kubwa kuliko zote nilizocheza Dodoma niliishinda bila kujua kwamba imekwisha. Nilikuwa nimeshajipanga kuanzisha mpira tena, kumbe mpinzani wangu yuko kwenye wavu, amenyoosha mkono.

Nilikuwa mpiga chapa wizarani. Maduka ya Chang'ombe yalikuwa yameanza kujaa raba za mitumba, nami nilipata jozi nyeupe iliyonibana kidogo. Kwenye msafara wa kwenda Morogoro, kwenye mashindano ya watumishi, ilibaki nafasi moja ya tenisi kwa wanawake. Tuliitaka wawili: mimi na mkuu wa masjala, mama mmoja aliyejua kila jalada lilipolala. Wa kwanza kufikisha gemu sita ndiye angesafiri.

Ugonjwa wangu ulikuwa hesabu. Nikiongoza tu, mkono unakuwa mzito kama mchi. Jirani yangu, muuguzi kutoka Mvumi, alikwisha kuniona nikishindwa hivyo mara tatu. Asubuhi ya mechi akanivuta pembeni.

"Shoga, hesabu mwachie mama. Si ndiyo kazi yake? Wewe piga mpira."

Nikasogea kwenye wavu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuhurumii."

"Sijaomba, mama."

Hatukuwa na mwamuzi. Mama alitangaza matokeo, na kila alipofungua kinywa mimi nilikariri kimoyomoyo herufi za mashine ya chapa, kidole kwa kidole. Upepo ulipeperusha vumbi na chokaa ya mistari. Mkono ukawa mwepesi. Nilikosa mipira ya aibu na nikacheka.

Ndipo mama akaja na mkono wake. "Unarudi wapi? Sita kwa tano. Umenitoa."

Nilirukaruka kama mtoto. Muuguzi alipofika hakuruka. Alifungua kiganja: kila gemu niliyoshinda alikuwa ameokota kijiwe.

"Mbona mimi nina vitano?"

Nikamweleza mama. Alicheka, huku akilisugua goti.

"Nimehesabu majalada miaka yote hii, nishindwe na gemu sita? Nenda kafungashe!"

Morogoro nilikwenda, nikatolewa siku ya kwanza, nikarudi na furaha yangu nzima. Lakini muuguzi bado anashikilia vitano, na mama, kila ninapomtembelea Msalato alikojenga, anashikilia sita.