Kivuli Alichokiacha Mjomba Mlimani

Nilipokuwa mtoto pale Gazi, miaka ile ya hamsini Mwingereza angali na nguvu zake, hatukupita mahali pa upweke bila kupiga hodi. Ukiingia mikokoni kutafuta kaa, hodi. Ukipita kando ya msitu wa kaya wa Kinondo, penye makaburi ya wazee, hodi, tena kwa sauti ya chini. Bibi yangu Mejumaa alitufundisha hayo kabla hatujaijua alifu.

"Kila mahali pana wenyewe," alikuwa akisema. "Piga hodi mara tatu."

"Nani ataitika, Bibi?"

"Utasikia ndege, utasikia jani. Ukisikia kimya kitupu, usipige ya nne. Rudi ulikotoka."

Mjomba Hamisi, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Siku aliyoondoka Bibi alimwambia maneno yayo hayo, naye akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na mimi nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu, nasema wazi. Kwetu Wadigo mjomba ni mzazi, na huyu alinibeba mabegani hata nilipokuwa mkubwa wa kuona haya.

Akapotea miaka kadhaa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Akarejea, lakini hakuwa yule aliyeondoka. Alishuka barabarani amekonda, akatembea kidogo, akakaa juu ya sanduku lake kutweta. Kutoka pale hadi kwetu mtoto hukimbia bila kuchoka. Yeye ilibidi wanaume wakamchukue.

Kumbe aliteremka melini huko Amerika ya Kusini, akawafuata wenzake kwenye milima ya Andes kutafuta kazi ya mgodi. Mchana alilazwa barazani, nami nikimpepea alinihadithia. Treni iliyoanzia pwani isiyo na mti hata mmoja, ikapanda mpaka masikio yakaziba na jirani yake akatokwa na damu puani. Mji uliokaa ndani ya shimo kubwa, nyumba zimeng'ang'ania kuta zake, na jioni taa zinawaka juu yako na chini yako. Wanawake waliovaa kofia za kiume. Watu waliotafuna majani kutwa, kama sisi na tambuu, ili wasisikie njaa wala baridi. Wanyama kama kondoo waliovutwa shingo. Hao kondoo walinichekesha mno, naye akacheka pamoja nami, kisha kicheko kikageuka kikohozi na Bibi akaja kunifukuza.

Siku moja akafikia habari ya kilele cha njia. Pale juu kabisa, alisema, lori lilisimama, abiria wakashuka, na kila mmoja akaweka jiwe kwenye rundo la mawe kumwomba ruhusa mwenye mlima.

Bibi alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake. "Na wewe?"

"Mimi nilibaki garini, mama. Mimi Muislamu, nitaombaje ruhusa kwa mawe?"

"Sikukwambia uabudu. Nilikwambia upige hodi."

Baadaye Mjomba akasema, kwa sauti ndogo, kwamba lori lilipoondoka tu kifua kilimbana akaanguka, na tangu siku ile, miaka yote aliyochimba mgodini, pumzi yake haijapata kurudi yote.

Kwa Bibi, hapo jambo lilikuwa limekwisha fahamika. Daktari kule Msambweni alikuwa amesema mapafu yamejaa vumbi la mawe na dawa hana. Bibi alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha akamtumia salamu Nyamvula, mganga wa kijiji cha Waa.

Yafaa nieleze. Kwetu mtu akishikwa na wenye mahali, kivuli chake hubaki huko, na mwili uliorudi peke yake huanza kukauka. Mganga hukinusa hicho kivuli, hukifuata mpaka kilipo, huchota tope la pale pale na kuja kumpaka mgonjwa akimwita kwa jina lake. Kazi hiyo huitwa kuzuza. Niliwaona watu walioinuka baada yake, wakala na kulima, kwa hiyo mimi pia nilingoja Mjomba ainuke. Nilingoja kwa moyo wangu wote.

Ilikuwa alasiri. Nyamvula alitoka nyumbani kwetu na kibuyu chake cha kunusia kivuli mkononi, nyuma yake wanawake wakitikisa kayamba, nami nimeshika leso ya mama. Alipita visima bila kugeuka, akapita mikokoni kwenye tope, mpaka akaingia baharini maji yakamfika vifundoni. Kibuyu kilielekea mbele. Yeye alisimama. Kayamba ziliendelea kidogo, kisha moja baada ya nyingine zikanyamaza.

"Kiko ng'ambo huko," akasema. "Juu, penye baridi. Miguu yangu inakomea hapa."

Habari za baridi Gazi nzima ilikuwa nazo, sitamsifu kwa hilo. Ninamsifu kwa yaliyofuata.

"Chota tope hapo hapo," Bibi akamwambia.

"Nikichota la hapa, mama, nitampelekea kivuli kisicho chake."

"Chota tu!"

Sikuwahi, kabla wala baada, kumsikia Bibi akipaza sauti mbele za watu. Nyamvula akatikisa kichwa, akamrudishia kuku wa ujira. Basi Bibi akainama mwenyewe, akachota tope jeusi kwa upindo wa kaniki yake, akaenda nalo nyumbani tukimfuata kama watu wanaotoka kuzika.

Alimpaka kifuani, kwenye mbavu zile unazoweza kuzihesabu. "Hamisi! Hamisi wa Mejumaa! Njoo!"

Mjomba alimtazama mamake. "Naam, mama," akasema. "Nimekuja."

Alijua. Alikuwa amekwisha sikia kayamba zilivyonyamaza. Alifariki kabla ya mpunga kuvunwa.

Bibi aliishi miaka mingi baada yake. Asubuhi za kipupwe alijifunika leso mbili na kusema, si kwa mtu yeyote, "Hamisi anatetemeka saa hizi."

Mimi nilikua nikasomea uuguzi, nikajifunza jinsi vumbi la mgodi linavyoyageuza mapafu ya mtu. Daktari alisema kweli. Lakini kila nikilifikiri jambo lile naona yeye na Bibi walisema neno moja: mlima ulibaki na nusu ya mtu, ukaturudishia nusu ije kufa mikononi mwetu.

Uzeeni mwangu, binti yangu alipata kazi Bolivia, kwenye milima ile ile ya Mjomba, akaniita nikamtembelee. Mji ulikuwa ndani ya shimo lake, taa juu na chini. Kofia nilizikuta. Nilipowaona wale kondoo nilicheka, kisha nikalia katikati ya barabara, binti yangu asijue ashike wapi.

Nikaomba nipelekwe kileleni. Rundo la mawe lipo. Nilikuwa nimebeba kipande cha tumbawe kutoka pale aliposimama Nyamvula, nikakiweka juu ya mawe mengine. Mola anisamehe, sikuabudu kitu. Pumzi ilikuwa haba, nikahema kama alivyohema yeye juu ya sanduku.

"Hodi," nikasema. Nikasema tena. Mara ya tatu nilitaja na jina lake.

Nikasikiliza ndege. Nikasikiliza jani, na mahali pale hapaoti mti. Nilitaka naam moja tu. Dereva akapiga honi taratibu, nami sikupiga hodi ya nne. Nilirudi garini nikamwacha Mjomba kwenye baridi yake.