Jokofu la Virusi na Sinia la Wali

Pwani ya Kilwa, mtu anayekula hukaribisha. Hata kama mkononi ana kipande kimoja cha muhogo na njaa ya tangu jana, ukipita atasema, "Karibu." Mimi kwa miezi mingi nilikuwa mtu pekee, pengine duniani kote, niliyepita mbele ya sinia lililozungukwa na watu bila kuambiwa neno hilo.

Sababu ilikuwa jokofu langu. Katika kiwanda cha pweza nilichofanyia kazi kulikuwa na chumba kidogo cha maabara, ndani ya chumba kuna jokofu, na ndani ya jokofu nafuga virusi. Nasema kufuga kwa sababu ndivyo walivyosema akina mama wa meza za pweza, nami sikuwa na neno zuri zaidi. Niliwalisha, niliwapumzisha, asubuhi niliwasalimia kabla sijamsalimia binadamu. Walikuwa virusi wa kushambulia bakteria tu, mtu hawamjui hata kwa sura. Tuliwatumia badala ya wale wanaowaharisha na kuwatapisha watu, kwa kuwa wale ni hatari na ni wagumu mno kuwafuga. Hawa wangu nao ni sugu. Dawa ikiwashinda, tunapata tumaini kwamba meza yetu haitampelekea mlaji maradhi. Haya niliyaeleza getini, bombani, hata kwenye foleni ya choo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo foleni ilivyopungua.

Na mimi ni mtu wa maneno. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, mzee mzima na ndevu zangu, nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yanagusa masikio. Nikasomea kazi za maabara, nikashuka kutoka kwetu Kipatimu, milimani kwa Wamatumbi, na cheti changu nikiamini Kilwa nzima itatoka na ngoma kunipokea. Kilwa ikanipa ufunguo wa chumba chenye dirisha moja, linalotazama uani, palepale akina mama wanapokula mchana. Nikawa nakula ugali wangu wa kwenye hotipoti huku nawatazama wao kama mtu anayetazama runinga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa na vipande vidogo vya chuma kilekile cha meza. Nakipaka kipande tone la virusi lililochanganywa na ute wa pweza, maana meza ya kiwandani haiwi safi kama ya kitabuni. Naacha likauke. Nakimwagia klorini, dawa ya kuulia vijidudu, nasubiri, kisha natia dawa nyingine ya kuinyamazisha klorini ili isiendelee kuua. Maji yake nayapanda kwenye kisahani chenye bakteria. Kesho yake, kama virusi wamekufa, bakteria wametanda kisahani kizima kama ukungu wa Kipatimu asubuhi. Kama wamepona, utaona matundu, kama kanga iliyotafunwa na mende.

Vipande vyangu vilitoka safi, nikatembea siku nzima nimetanua kifua. Kisha nikajaribu kwa namna akina mama walivyokuwa wakifanya mezani kweli. Kisahani kikatoka chujio la nazi.

Wao walikuwa wakimwaga klorini na kuifuta papo hapo, mkono mmoja unamwaga, mwingine unakimbiza kitambaa. Si kwa uvivu. Wale ni wanawake wanaojifukiza udi, wanaotia asumini nyweleni, na harufu ya klorini ikishaingia kwenye kanga huwafuata mpaka nyumbani. Nikaenda kuwaambia.

"Akina mama, iacheni dawa ikae kidogo mezani."

"Ikae?" akadakia mmoja. "Ijumaa nina harusi mie. Nijifukize wiki nzima, halafu ninuke tangi la maji?"

"Mumewe atadhani kamkumbatia fundi bomba," akasema mwenzake.

"Na ninyi Wamatumbi," akaongeza wa tatu, "mmeanza lini kumfundisha mtu wa pwani kuosha pweza? Kwenu huko pweza si mnamwona kwenye picha?"

Wakacheka, nami nikacheka kuwapita. Utani ulikuwa karamu pekee niliyopata pale, sikuacha hata tonge.

Lakini walipoendelea kufuta, nikaamua kuwaonyesha kwa macho. Nikachukua visahani viwili, kimoja kizima na kimoja chenye matundu, vimezibwa kwa utepe pande zote, nikatoka navyo uani. Saa ya chakula. Hapo ndipo elimu yangu yote ya jioni iliponiacha.

"Kawatoa nje!" mtu akapiga kelele.

Waliruka. Nadhani mmoja hajatua mpaka leo. Nikabaki nimesimama na visahani vyangu mbele ya sinia lisilo na mtu, na wali wa nazi ule, unaofuka moshi, ukaenda kumwagwa wote kwa sababu yangu. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Baada ya hapo hata utani ulikatika. Nilikuwa nasema "shikamoo", "marahaba" inajibiwa kutoka ng'ambo ya uwanja. Nikawa nawasimulia virusi habari za siku yangu, na ni wasikilizaji wazuri kwa kweli, hawakatizi mtu.

Siku moja msimamizi wa meza, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akaja dirishani. Hakuingia.

"Mwanangu, kile kisahani cha matundu ndiyo meza yangu?"

"Ni kipande cha majaribio, mama. Lakini nilikifuta kama mnavyofuta."

"Na pweza wangu wanakwenda kuliwa na watoto wa watu."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo harufu je?"

"Mkiosha ute kwanza mpaka uishe, dawa haihitaji kuwa kali vile. Iacheni ifanye kazi, kisha suuzeni kwa maji mengi. Harufu itabaki kidogo tu."

Akaenda zake bila kuniaga.

Bamvua lilipofika, maji yakatoka mbali na miamba ikabaki wazi, pweza wakaja kwa matenga. Mchana nikawaona akina mama wakiosha ute, wakimwaga dawa, kisha wakiziacha meza zimelowa na kutoka uani kunawa na kupakua. Nilisimama dirishani nikitamani kupiga vigelegele. Yule mama akainua uso.

"Karibu," akasema.

Nikageuka kutazama nyuma yangu nani anakaribishwa. Nyuma palikuwa na jokofu.

Nilitoka. Nilinawa mpaka viwiko, kwa sabuni iliyotosha kukiogesha kijiji kizima cha Pande, mbele ya macho ya wote. Nikakaa, nikasema bismillahi, nikatia mkono upande wangu wa sinia.

"Alhamdulillahi, nimeshiba," akasema wa kulia kwangu, akainuka.

"Ngoja nikasuuze meza," akasema mwingine. Wa tatu akaenda kumsaidia. Wa nne alikumbuka kitu. Waliondoka kwa adabu kubwa, mmoja mmoja, na kila aliyeondoka alinitakia chakula chema, mpaka wali uliopakuliwa kwa ajili ya wote ukabaki mbele yangu kama mlima wa kwetu.

Yule mama hakuinuka. Alikuwa ameshashiba, nilimwona alivyokwisha kuufuta mdomo. Lakini mgeni haachwi peke yake siniani. Akarudisha vidole, akaokota punje moja ya wali, akaitafuna polepole kama mnofu. Kisha akaokota nyingine.

"Kula, mwanangu," akasema. "Chakula hiki kingi."

Nikala. Nilikula sehemu ya kila aliyeondoka, nikala mpaka mkanda ukaomba msamaha, kwa sababu kila nilipotia mkono naye alitia wake, na nilijua nitakapoacha ataacha.