Ndugu Lemuel Hafi

Kila mtu hapa mjini Macon mwenye mashine ya kukatia majani anamjua Lemuel Gaskins. Ukimpelekea iliyokufa, anaiinamia, anaisikiliza, kisha anaitukana kwa upole mpaka ingurume. Jumapili huvaa glavu nyeupe na kusimama mlangoni mwa kanisa letu la Mlima Nebo, mnyoofu kama mshumaa, akituonyesha viti. Kwa miaka mingi mshumaa huo ulinukia wiski. Tulijua, tukajifanya ni marashi ya baada ya kunyoa.

Mkewe alipofariki, chupa ikashika nafasi yake mezani. Binti yake Charlesetta, anayekaa Atlanta, alipojifungua alimwambia wazi: "Baba, nakupenda, lakini mwanangu humshiki mpaka uache." Basi mjukuu akabaki kwenye simu, na Lemuel akabaki kupapasa kioo kwa kidole chenye grisi.

Hospitali hakutaka kwenda. "Nitaonekana," alisema. Ndipo Dada Verlene Stubbs, muuguzi na mwimbaji wa kwaya yetu, akaanzisha kimyakimya, bila kutangaza, matibabu ya ulevi kanisani kila Jumanne, kwenye ukumbi wa chini: vidonge vya kupunguza hamu, mazungumzo, kahawa na sala fupi. Lemuel akaona hapo ndipo pa kujificha. Mtu mzima, aliyelelewa humo, akaamini kwamba ndani ya kanisa la Kibaptisti kuna kitu kinachofichika!

Aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia imemfika puani. Mama Broadnax, mkuu wa akina mama wazee, alikuwa jikoni akisugua sufuria. Akamwona akishuka na muuguzi, akamwona akipanda na macho mekundu. Verlene alipoulizwa alijibu tu, "Mambo ya mgonjwa ni siri yake, Mama." Afadhali angepiga tarumbeta.

"Ni ini," Mama Broadnax akaamua.

"Mapafu," akabisha mwenzake, Mama Tolliver.

Kufikia Jumapili walikuwa wamekubaliana kuwa ni vyote viwili. Msoma matangazo akatusihi tumwombee Ndugu Lemuel "katika safari iliyo mbele yake". Lemuel alikuwa pale pale mlangoni. Akainamisha kichwa, akamwombea kwa moyo huyo Lemuel mwingine anayekufa, maskini.

Vyakula vikaanza kumiminika nyumbani kwake: kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, viazi vitamu. Akanenepa.

"Mgonjwa gani huyu anaongezeka?" akauliza Mama Tolliver.

"Anavimba, jamani. Ndiyo mwisho."

Habari zikafika Atlanta. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Charlesetta akaingia ukumbini na mtoto kiunoni, macho yamemvimba. Kabla hajafungua mdomo, Mama Broadnax akatokea na keki.

Keki hiyo imelowekwa ramu. Kanisa letu linakataza pombe, na keki hiyo tumeila tangu utotoni, bila mtu kuitaja kwa jina lake. Tena ina sheria: Mama anakupa kipande mkononi, anasimama mbele yako mpaka umeze tonge la kwanza. Kumkatalia, afadhali ukatae ubatizo.

"Kula, mwanangu. Upate nguvu za safari," akamwambia Lemuel, akimpa kipande.

Harufu ikampanda Lemuel puani, tamu kama jina la mtu aliyempenda. Tonge moja tu, na siri ingebaki siri. Akamtazama yule mtoto.

"Siwezi, Mama."

"Verlene! Hawezi kumeza!"

"Kumeza naweza. Ina ramu. Mimi mlevi, Mama. Hizo Jumanne natibiwa ulevi."

"Ramu?" Mama Broadnax akajishika kifua. "Keki yangu ina vanila!"

"Mama," Verlene akasema taratibu, "Mchungaji alikula vipande viwili mwezi wa saba, akatuimbisha nyimbo za Krismasi."

Mchungaji akapata kitu cha kutazama darini.

"Kumbe mnajua nyote?"

"Tunajua, Mama," tukaitikia kwa pamoja, kama kwenye sala.

Akaifunika keki polepole. "Hizo Jumanne ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni," akajibu Verlene. "Kwani na wewe, Mama..."

"Nauliza nilete supu! Usinichimbe."

Charlesetta alikuwa amesimama. "Kwa hiyo hufi?"

"Sifi, binti yangu."

"Nimeendesha gari nikilia njia nzima. Nimeshachagua nyimbo za mazishi. Na wewe hufi?"

"Nisamehe."

"Na pombe umeacha kweli? Hata keki umeikataa?"

"Na ilivyonukia, mwanangu, usiniulize."

Charlesetta akamsukumia mtoto kifuani. "Mshike basi. Amejinyea, na mimi nina njaa."

Lemuel akampakata, asitikisike.

"Baba, nepi!"

"Nimesikia," akajibu, asiondoke pale. Harufu ikatufikia sote, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.